Pole Isiyo Yake

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, haki ya Mungu, na sikuongeza kitu hata cha kuonjea. Anayetaka kubisha abishe, ila kwanza anisikilize mpaka mwisho, maana wabishi wote niliowahi kukutana nao waliondoka katikati.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Mzee Chumvi. Jina hilo hakulipatia jikoni, alilipatia ndani ya lifti. Ujana wake wote na kipande kizuri cha uzee wake alikimaliza kwenye kile kijumba cha bati linalong'aa, kinachopanda na kushuka katika jengo refu la maofisi, yeye akiwa kwenye kigoda chake pembeni, mkono juu ya mpini wa shaba. Lifti haina dirisha, na watu wakifungiwa pamoja bila dirisha huanza kutazama viatu vyao. Mzee Chumvi hakupenda kuona binadamu wanatazama viatu. Akawa anawasimulia. Alikuwa na hadithi za ghorofa tatu, za ghorofa saba, na moja ya mpaka juu kabisa, ya mhasibu aliyeingia na mwavuli akatoka na mchumba. Wapo waliopitiliza ofisi zao makusudi ili wasikie mwisho. Wakili mmoja alichelewa mahakamani akashindwa kesi kwa ajili ya hadithi hiyo, ingawa mwenyewe alikiri angeshindwa tu.

Kisha wenye jengo wakaleta lifti mpya, ya vitufe, yenye sauti ya mwanamke anayesema: "Ghorofa ya nne. Milango inafunguka." Mzee akapewa blanketi, akapigwa picha, akaambiwa akapumzike. Kupoteza kazi hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba yule mwanamke alijua hadithi moja tu, na watu walimsikiliza.

Nyumbani alimkuta mkewe akifuma kama alivyofuma siku zote. Alikuwa fundi hasa wa vitambaa vya kuvalisha viti na meza, vyeupe, vyenye ua kubwa katikati na majani kwenye kona. Waliviweka kwenye meza barazani mwa duka lililofungwa, jirani na mwanamke anayeuza mabeseni, wakangoja wateja. Walingoja kweli. Watu walipita, wakagusa, wakasema "vizuri," wakanunua beseni.

Mpwa wake alipita siku moja kumsalimu. Huyu alifanya kazi kwenye kampuni ya matangazo na alivaa viatu bila soksi.

"Mjomba, umekaa hapa kama mlinzi. Watu hawanunui kitambaa. Kitambaa kila mtu anacho. Wananunua habari ya kitambaa."

"Habari gani? Huu ni uzi."

"Uzi wa nani? Umepita mikono ya nani? Nani alilia akiufuma? Sisi tuliuza maji ya chupa msimu mzima kwa habari ya bibi aliyeyachota mlimani alfajiri."

"Bibi gani huyo?"

"Hakuna bibi, mjomba. Hata mlima haupo. Lakini maji yapo."

Mzee Chumvi alicheka mpaka akakohoa. Moyoni, hata hivyo, alichomwa. Yeye, aliyewapitilizisha mawakili, leo anafundishwa kusimulia na kijana asiye na soksi!

Siku iliyofuata ndiyo yaliyotokea yakatokea. Mkewe alikuja naye asubuhi, akapanga vitambaa kwa ukubwa, akaazima pini kwa Mama Mabeseni ili upepo usivipeperushe. Jua lilipopanda magoti yakaanza kumsumbua, akashika fimbo yake akarudi nyumbani. Hajafika hata kwenye kona, akaja mteja. Alikuwa mtu mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na kile kioo kidogo cha jichoni cha mafundi saa kikining'inia kifuani kwa kamba. Aliokota kitambaa kimoja, akakitazama kama anavyotazama saa, kwa karibu na bila haraka.

"Kazi safi. Nani anafuma?"

"Mke wangu."

"Ningependa kuongea naye. Nina kiti cha mgongo mrefu nyumbani, nataka kipana zaidi."

"Ah, mwenyewe ametangulia."

Alikuwa na maana kwamba ametangulia nyumbani. Lakini lugha yetu ina adabu nyingi mno. Haipendi kukitaja kifo kwa jina, inakipitisha mlango wa nyuma kimyakimya, na siku nyingine anayepita mlango huo si kifo, ni bibi mwenye magoti mabovu anayekwenda kubandika chai.

Fundi saa akakiweka kitambaa chini taratibu. Akavua kofia. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mzee wangu. Pole sana."

Hapo neno moja lingetosha. "Hapana, yuko nyumbani" si sentensi ya kumshinda mtu aliyesema maneno mengi vile maishani mwake. Lakini yule mtu alikuwa akimtazama machoni, na tangu milango ya lifti ifungwe hakuna mtu wa nje aliyemtazama machoni kwa muda mrefu namna ile. Mikono ile ilikuwa na joto.

"Nimeshapoa," akasema Mzee Chumvi.

Ukimuuliza mpaka leo atakuambia hakusema uongo. Aliambiwa pole, akajibu kama anavyojibu kila mtu aliyelelewa.

"Ni muda sasa?" fundi saa akauliza.

"Hata si muda mrefu." Na hilo nalo lilikuwa kweli. Mkewe alikuwa bado anavuka barabara.

Fundi saa alinunua bila kuomba apunguziwe. Nyuma yake alisimama mama mmoja aliyekwisha kusikia yote, naye akachukua viwili huku anafuta macho. Mama huyo akamwambia mwenzake. Jua halijafika utosini, meza ilikuwa tupu.

"We mzee!" Mama Mabeseni akamwita, beseni kichwani kama kofia. "Marehemu gani huyo? Si huyu aliyeazima pini kwangu sasa hivi?"

"Punguza sauti, jirani. Ni biashara."

"Biashara ya kumzika mwenzio! Akifufuka utajificha wapi? Maana hapa kwangu mabeseni yote ni madogo."

Jioni mkewe alipoona mfuko mtupu alisimama mlangoni akashika kizingiti.

"Vyote?"

"Vyote, mama watoto."

Bibi akaigeuza mikono yake, akaitazama vidole kwa kiganja, kama mtu aliyeletewa mikono mipya. "Nilijua," akasema kwa sauti ndogo. "Nilijua iko siku wataona."

Mzee Chumvi akazamisha uso kwenye kikombe cha chai, akakaa humo muda mrefu kuliko chai yenyewe.

Tangu siku hiyo akawa mume mwema kupita kiasi. "Usije leo, jua kali." "Usije, magoti yako." "Wewe fuma tu, mimi nitabeba." Mkewe akajisifu kwa majirani kwamba mzee wake uzeeni kawa na huruma, hataki hata akanyage lami. Majirani wakamtoa mfano kwa waume zao. Kila alipopita mtaani waume wale walimkunjia uso, naye aliona wana haki, ila si kwa sababu waliyoidhani.

Barazani hadithi ilikua kama hadithi zinavyokua, kwa kulishwa. Kila kitambaa cha bibi kilikuwa na jani moja kwenye kona lililotoka dogo kuliko wenzake. Mzee aliwaonyesha wateja jani hilo kwa ncha ya kidole. "Hapa," alisema, "pumzi ilikuwa inamwishia." Wateja waligusa jani, wakanyamaza, wakafungua pochi. Mpwa wake alipokuja kuona aliipiga meza kofi. "Mjomba! Jani! Hilo jani ofisini kwetu wangelipa watu kumi walifikirie." Akamtazama mjomba wake pembeni. "Na mkaza mjomba anasemaje?"

"Hasemi kitu."

"Basi usimwambie kitu."

Na fundi saa alirudi. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, na kila mchana alipokifunga kwenda kula alipita barazani, akavuta kigoda, akaketi na mfiwa mwenzake. Mke wa fundi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Kile kitambaa alikinunua afunike kiti alichokuwa akikalia marehemu, kwa sababu, alisema, kiti kile kilikuwa kinamtazama.

"Hebu niambie habari za shemeji," alisema. Ndivyo alivyomwita, shemeji, mtu ambaye hajawahi kumwona.

Mzee Chumvi akamweleza. Alimweleza jinsi marehemu alivyokuwa akivumisha wimbo mmoja puani anapohesabu matundu, wimbo usio na maneno, ambao akikosea hesabu unarudi mwanzo. Jinsi alivyobishana na redio. Jinsi alivyoonja chumvi ya mboga kisha akamtazama yeye, aone kama ameelewa mzaha. Katika yote hayo hakubuni hata moja. Ndicho kitu cha ajabu. Maisha yao yote hakuwahi kumwambia mkewe mambo hayo, na sasa alimsifu marehemu mpaka sauti ikamtetemeka, kisha akarudi nyumbani akamkuta yule yule jikoni, akasema, "Miwani yangu iko wapi?"

Siku moja, katikati ya mazungumzo, fundi saa akachezea kioo chake.

"Mzee mwenzangu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile hospitali mke wangu aliniambia nisiondoke. Nikamwambia nakuja sasa hivi, kuna saa ya mteja nimeiacha wazi mezani. Nikaenda. Niliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Nikadhani nimekosea chumba." Akavuta pumzi. "Watoto niliwaambia nilikuwa nimemshika mkono. Mpaka leo wanajua hivyo. Wewe umefiwa, unaelewa. Nisingeweza kumwambia mtu ambaye hajafiwa."

Mzee Chumvi alihisi maneno hayo yanampanda mwilini kama siafu. Hapo tena neno moja lingetosha. Hakulisema. Alimshika bega, akakaa naye mpaka mchana ukapoa.

Kama yangeishia hapo, ningesema ni uoga tu. Lakini wiki hiyo wateja walipungua, jani limezoeleka, na akaja mama mmoja mwenye mapambo, mgumu wa kununua, amekwisha kukiweka kitambaa chini. Mzee akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nilimwambia nakuja sasa hivi. Niliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi." Yule mama akaketi kwenye kigoda cha fundi saa, akalia, akanunua meza nzima. Mzee aliufunga mfuko bila kuutazama. Alijiapiza haitasemwa tena. Ikasemwa kesho yake. Ikasemwa kila mteja alipotaka kuondoka mikono mitupu, na kila iliposemwa alitazama kwanza ng'ambo ya barabara, aone kama mlango wa kibanda uko wazi. Jirani yake hakumtania tena. Alikuwa anayapanga mabeseni yake kwa kelele tu.

Basi ikafika siku fundi saa amekuja mapema, na mzee akamwachia meza akaenda kuleta chai. Alirudi na glasi mbili mkononi. Alipofika nyuma ya mnara wa mabeseni, Mama Mabeseni akamzuia kwa mkono.

"Marehemu kafika," akanong'ona. Na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mzee akachungulia. Mbele ya meza, ameegemea fimbo, amevaa gauni lake la kutokea, alisimama mkewe. Alikuwa amekuja kuwaona wateja wake. Fundi saa, kwa heshima zote, alikuwa akimuuzia kitambaa chake mwenyewe.

"Kichukue hiki, mama. Vimebaki vichache, na vikiisha vimekwisha."

"Kwa nini viishe?"

"Mfumaji ametangulia. Alikuwa mke wa mzee mwenye meza hii. Tazama hapa kwenye kona, jani hili dogo. Mume wake anasema hapo pumzi ilikuwa inamwishia."

Bibi akaligusa jani. "Pumzi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mume, alimpenda mkewe?"

Fundi saa akaweka mkono kifuani. "Mama, sijawahi kusikia mwanamume akimsema mkewe namna ile. Anaukumbuka hata wimbo aliokuwa akiuvumisha akihesabu. Mimi wangu alikuwa akiimba kila asubuhi, na sasa najaribu kuukumbuka wimbo, sijui hata ulianzaje." Akageuka kando, akaitafuta leso.

"Pole, baba," bibi akasema.

"Nimeshapoa, mama."

"Bado. Lakini utapoa."

Alilipa. Alipoinua macho yakakutana na ya mumewe juu ya mabeseni, chai ya moto ikimmwagikia vidoleni na yeye hajui. Bibi akakikunja kitambaa, akakitia kwapani, akaenda zake nyumbani taratibu, fimbo ikigonga lami. Mzee alisimama pale mpaka mgongo wa mkewe ulipopotea. Laiti angemtukana mbele za watu. Tusi angelipatia jibu.

Nyumbani alikuta kitambaa kimetandikwa mezani na mkewe ameketi nyuma yake kama karani.

"Nilikufa na nini?"

Mzee akatazama viatu vyake.

"Nauliza tu. Watu wakinipa pole nijue la kuwaambia."

"Mimi sikusema umekufa, mama watoto. Nilisema umetangulia."

"Basi mbona hunifuati?"

Bibi akalisogeza jani la kona karibu naye. "Unajua hili linakuwa dogo kwa nini? Kila nikifika hapa unaniita kuniuliza miwani iko wapi. Nikirudi nimepoteza hesabu. Kila kitambaa. Ukitaka kuwaambia watu kilichonikata pumzi, waambie ni miwani."

Kicheko kilimfika mzee kooni, akakitazama kicheko hicho usoni kwa mkewe, hakukiona, akakimeza.

"Nilidhani wameipenda kazi yangu," bibi akasema.

"Wanaipenda. Wallahi wanaipenda."

"Nilikaa pale pale barazani, mzima, nikiwatazama wanapita. Hakuna aliyesimama. Ilibidi nife ndiyo wanunue." Akalinyoosha jani kwa kidole gumba, halikunyooka. "Na yale ya wimbo, uliyomwambia yule baba. Mbona mimi hukuwahi kuniambia?"

"Wewe... upo."

"Ndiyo," bibi akasema. "Nipo."

Hapana gari lililomgonga mzee maishani, lakini alijua sasa inavyokuwa. Alitaka kusema neno, akaona yote aliyo nayo amekwisha kuyasema kwa mtu mwingine, barazani, kwa sauti ya kutetemeka.

"Kesho utanipeleka kwa yule baba," mkewe akasema. "Analia msiba usiokuwepo juu ya msiba wake. Hilo silali nalo."

Kibanda cha fundi saa kilikuwa chembamba kama kabati. Ukutani saa zimejaa, kila moja na wakati wake, zikibishana. Fundi aliinua uso, kioo bado jichoni, akatabasamu kumwona mzee, kisha akamtambua mteja wa jana.

"Karibu, mama. Kitambaa kimekufaa?"

"Jana hukuniuliza mimi ni nani, baba," bibi akasema. "Mimi ndiye marehemu."

Kioo kikamwanguka fundi jichoni. Akamtazama bibi, akamtazama mzee aliyekuwa anaitazama sakafu, akamrudia bibi.

"Shemeji?"

"Ndiye mimi. Magoti tu ndiyo yamekufa."

Fundi aliinuka kwa nguvu hata kigoda kikapinduka. Akacheka, machozi yakamtoka, akamshika bibi mikono yote miwili kama alivyomshika mumewe siku ile. "Yu hai! Mungu wangu, shemeji yu hai!" Akamgeukia mzee, akamtikisa bega. "Mzee mwongo wewe! Mzee mshenzi! Bora mwongo kuliko mfiwa, wallahi. Keti, shemeji, keti. Unavumisha kweli ule wimbo?"

Mzee Chumvi alijiandaa kwa matusi. Furaha hakuiandalia chochote. Mkewe alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu jana. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, angekunywa soda wakaagana, mambo yakaisha. Mkewe hakulijua la shuka. Fundi hakujua limefika wapi. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na alikuwa amekwisha kunyamaza mara mbili, kwa hiyo njia aliijua.

"Iko nyingine," akasema.

"Nyingine ipi?"

"Ile uliyoniambia. Ya shuka."

Tabasamu la fundi lilibaki mdomoni, likaondoka machoni. "Imefanyaje?"

"Nimeiuza."

"Shuka gani?" bibi akauliza.

"Si kitu, shemeji," fundi akasema upesi. Akakiinua kigoda, akakikalia. Akachukua saa ya mkononi, akaifungua, akaifunga bila kuitazama. "Uliisema kama yako?"

"Kama yangu."

"Kwa watu wangapi?"

"Wengi."

"Na yale ya watoto? Niliyowaambia?"

"Hayo hapana. Hayo sikuyasema."

"Kwa nini?"

Mzee akatafuta jibu zuri. Alikuwa nayo mengi, yalimjia kwa foleni kama zamani. Akayaacha yapite. "Hayakufaa kwa biashara," akasema.

Bibi akafumba macho. Hakuhitaji kuelezwa mengine.

Saa za ukutani zikaendelea kupiga kelele zake. Hatimaye fundi akasema, "Nirudishie."

"Nitakurudishiaje?"

"Sijui. Wewe ndiye msemaji. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu kizito, nikakupa wewe unishikie. Sasa nikikikumbuka nitasikia sauti yako ukimwitia mteja."

"Nitafunga meza. Vitambaa vyote vilivyobaki nakuletea wewe."

"Vitambaa ni vya shemeji, wewe utagawa vipi?" Fundi akainua uso. "Nataka yako. Moja. Isiyouzika."

"Yangu ipi?"

"Utajua mwenyewe. Ambayo mteja akiisikia hatanunua kitu."

Bibi akavuta kisanduku cha vipuri, akakikalia. "Na mimi naisubiri," akasema.

Basi huyo ndiye Mzee Chumvi, aliyewapitilizisha watu ghorofa zao, amesimama katikati ya kibanda, mikono haijui iende wapi, ulimi umekauka kama mbao. Akakohoa. Akaanza.

"Siku ile uliyonipa pole. Nilikuwa nimekaa barazani tangu asubuhi. Mvua kubwa inanyesha, watu wanakimbia huku na huku..."

"Mvua haikunyesha," mkewe akasema. "Nilirudi kwa miguu na jua."

"Haikunyesha," fundi akasema. "Nilivaa kofia ya jua."

"Haikunyesha," mzee akakubali. Jasho likamtoka puani. "Lilikuwa jua tu. Jua la kila siku. Mama watoto alikuwa ameondoka. Nikabaki na wateja wamenizunguka, kila mmoja..."

"Wateja gani?"

"Hakukuwa na wateja." Akapangusa uso kwa mkono mtupu. "Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimejaribu kumwambia mpita njia mmoja jambo, akaniambia ana haraka. Kisha ukaja wewe, ukanishika mkono. Nikasema nimeshapoa. Basi. Ndiyo hiyo, imekwisha."

"Haijaisha," fundi akasema bila kuinua macho. "Umeruka. Uliposema umeshapoa, ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilifikiri... nilimfikiria mke wangu, kwa uchungu wa..."

"Mwongo," mkewe akasema, wala si kwa hasira.

Mzee akamtazama. Kisha akaitazama mikono ya fundi iliyolala juu ya meza kati ya vyuma vidogo.

"Sikumfikiria," akasema. "Ningemfikiria ningesema yuko hai. Nilifikiri kwamba nikisema yuko hai, utauachia mkono wangu."

Bibi akailaza fimbo yake chini sakafuni, kama mtu anayejua ataketi sana. Fundi saa akavuta kitambaa cha kufutia vioo, akakitupa begani mwa mzee ajifute.

"Sasa anza tena," akasema. "Tangu mwanzo. Na usiruke."

Mzee Chumvi akajifuta, akameza mate, akaanza tena, polepole, na mvua hakuitia.